Njia ya Chuma toka Kindu hata Kongolo

Msafiri akaaye ndani ya behewa huijua reli kwa ubavu tu. Miti yapita, vituo vyapita, naye hajui kwa nini treni imekunja hapa wala kwa nini imepunguza mwendo pale. Akiketi mbele katika chumba cha dereva, huiona njia yenyewe. Sisi watu wa Kindu twaitumia reli hii, twailalamikia, twaingoja majuma mengi, lakini wachache wetu wamejiuliza kwa nini iko. Mto Lualaba upo, mpana, haukauki. Mbona watu walijitaabisha kuweka chuma kilometa 355, toka Kindu hata Kongolo, karibu na mto ambao Mungu ameutoa bure?

Jibu limo mtoni mwenyewe. Toka Ubundu hata Kindu, safari ya kilometa 300 na zaidi, meli hupita vizuri. Juu ya Kindu maji huanza kupigana na mawe. Upande wa Kasongo mto hutulia kidogo, lakini ni utulivu uliofungiwa huku na huku, maana kabla ya kufika Kongolo lipo korongo jembamba ambalo Wazungu waliliita Milango ya Jehanamu, na jina hilo si la mzaha. Ukiisha kupita Kongolo, meli zaweza tena kupanda hata Bukama. Basi reli haikuushinda mto. Iliuzunguka mahali unapokataa, ikauachia kazi mahali unapokubali. Na chini, kati ya Ubundu na Kisangani, palipo maporomoko mengine, ilifanywa vilevile: kilometa 125 za reli.

Kampuni iliyojenga iliitwa CFL, yaani Reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu. Iliundwa mwaka wa 1902 na tajiri wa Ubelgiji, Édouard Empain, yule yule aliyejenga reli ya chini ya ardhi huko Paris. Serikali ya mfalme Leopold II iliipa kampuni hiyo hektari milioni 4 za ardhi. Tusomapo habari hiyo vitabuni, hatuambiwi kama hektari hizo zilikuwa tupu. Nasi twajua kwamba hazikuwa tupu. Njia ya Ubundu, iliyoitwa zamani Ponthierville, ilifunguliwa mwaka wa 1906. Yetu ya Kindu ilifika Kongolo mwisho wa mwaka wa 1910. Mwaka wa 1915 reli nyingine ikatoka Kabalo ikafika ziwa Tanganyika, mahali palipoitwa Albertville, leo Kalemie.

Mji wetu ukapewa jina la tajiri: katika ramani za Wabelgiji twasoma Kindu-Port-Empain. Ilikuwa zamani za kazi ya amri. Kijiji kilidaiwa watu, kikatoa watu. Hao ndio waliofyeka msitu, wakachimba udongo, wakabeba mataruma mabegani. Jina la Empain liliandikwa katika ramani, lakini majina yao hayakuandikwa popote, nasi twaona kwamba mababu hao ndio waliostahili kuandikwa.

Tulipata ruhusa ya kupanda mbele katika treni ya mizigo iliyokuwa ikielekea kusini. Tulidhani tutauona mto muda wote, mkono wa kushoto. Kumbe msitu huuficha. Hutokea kidogo, ukang'aa kati ya miti, kisha hupotea tena. Dereva, mzee mwenye sauti ya pole, akatuambia, “Mwalimu, mto ni wa abiria. Sisi twatazama nyasi.” Tulikuwa hatujamwelewa. Baadaye tukaona jinsi nyasi zilivyofunika chuma mahali pengine, hata njia haikuonekana ila kama mstari wa rangi nyingine katika majani. Msaidizi wake alisimama dirishani, akitazama kila kiungo cha reli kabla magurudumu hayajakifikia. Kwenye kila daraja dogo alinyamaza. Honi ililia, na watu waliokuwa wakisukuma baiskeli kati ya reli walitoka pole pole, bila hofu, kama watu wanaompisha jirani. Kupita Kibombo msitu huanza kufunguka, na kadiri unavyosogea Kongolo waona nchi ya nyasi na mbingu pana. Zamani za mashine za mvuke, alisema mzee, katika vituo palikuwa na malundo ya kuni, na mchocheaji alifika mwisho wa safari macho mekundu kama mlevi.

Jambo moja zaidi tulijifunza humo. Reli ya kwanza ilikuwa na upana wa mita moja kamili, sawa na ile ambayo Wadachi waliifikisha Kigoma mwaka wa 1914 toka Dar es Salaam. Kwa hiyo macho ya CFL yalielekea mashariki, kwenye ziwa na bahari ya Hindi. Lakini mwaka wa 1955 chuma kilisogezwa: milimita 67 ziliongezwa, yaani upana wa vidole vitatu au vinne, ili njia ilingane na reli za Katanga. Mwaka wa 1956 Kabalo ikaunganishwa na Kamina. Toka hapo behewa la Kindu liliweza kwenda Lubumbashi bila kupakua hata gunia moja. Vidole vitatu vikaugeuza uso wa Kindu toka mashariki kwenda kusini!

Faida hiyo ina bei yake. Mji unaolishwa na njia moja hufa njaa njia ikikatwa. Mwaka wa 1998 vita vilifika Kindu, na treni zikakoma. Wanaume walisukuma kinga zao, ndizo baiskeli, zimebeba chumvi, mafuta na nguo, siku nyingi katika njia za msituni zenye watu wa silaha. Wengine hawakurudi. Treni ya kusini ilionekana tena Kindu mwaka wa 2004, baada ya miaka sita hivi.

Siku hizi treni haina siku maalum. Ikifika, mchele na mawese ya Maniema hupakiwa kwenda kusini. Mzigo unaotaka kuendelea Kisangani hushushwa, hubebwa mabegani hata majini, husafiri mpaka Ubundu, na huko hushushwa tena. Reli ya Ubundu haikupanuliwa mwaka ule wa 1955. Ingali mita moja kamili. Hata mtu akijenga kesho njia ya chuma toka Kindu hata Ubundu, mabehewa yetu hayataingia humo.