Nyuma ya Dirisha

Marehemu baba yangu alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Wazungu kule Tanga, katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Alikuwa na watoto watano na mvi zimeanza kumtoka, lakini wageni walimwita "boi", naye aliitika. Mwaka 1993 nilimwendea kumweleza kwamba nimeajiriwa na chuo kimoja cha Dar es Salaam kufundisha somo la huduma kwa wateja. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Yaani mwanangu, nimekusomesha miaka yote hiyo ili ukawafundishe watoto wa watu kubeba sinia?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilinijia miaka mingi baadaye, na lilinijia kwa njia ya kosa nililomtendea mwanafunzi wangu mmoja. Ndiyo maana naandika habari hii, kwa kuwa swali la baba ni la watu wengi, na kosa langu nalo, nadhani, si la mtu mmoja.

Swali lenyewe lina historia ndefu. Huko Ulaya, kazi ya hoteli kwa karne nyingi ilijifunzwa kwa kusimama kando ya mkubwa wako na kumwiga. Utalii ulipostawi Uswisi, hoteli zikawa nyingi kuliko watu waliojua kuziendesha. Mwaka 1893 Jacques Tschumi, aliyekuwa meneja wa hoteli, akaanzisha shule ya kazi hiyo huko Lausanne, ndani ya hoteli, kando ya Ziwa Geneva. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kikapiga hatua zaidi. Howard Meek alianza kufundisha uendeshaji wa hoteli kama somo la chuo kikuu, akiwa na wanafunzi 21. Wengi walicheka. Kuna nini katika kutandika vitanda hata mtu apewe shahada? Hata E. M. Statler, tajiri mkubwa wa hoteli nchini humo, hakuamini, mpaka alipokwenda kuwaona wanafunzi wakiendesha hoteli wao wenyewe. Akabadili mawazo, na baada ya kifo chake fedha za wakfu wake zikajenga jengo la shule hiyo. Kwa hiyo swali aliloniuliza baba lilikuwa limekwisha kuulizwa Marekani miaka 70 kabla.

Lakini kwetu swali hilo lilikuwa na uchungu ambao Wamarekani wale hawakuujua. Kwao kuhudumia kulikuwa kazi ya chini. Kwetu kulikuwa kazi ya mtawaliwa. Neno "boi" lilimshika mtu mzima mwenye familia likamfanya mtoto. Uhuru ulipokuja, nani angetaka kurudi kwenye sinia? Vijana walitaka kiti, meza na faili. Vyuo navyo viliwapa walichotaka. Mzumbe, palipoanza mwaka 1953 kama mahali pa kuwafunza watumishi wa serikali za mitaa, pakawa chuo cha uongozi mwaka 1972, kisha chuo kikuu mwaka 2001. Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965. Huku tulifunza utawala, kule tukafunza hesabu na biashara. Habari ya yule mwananchi aliyesimama mbele ya dirisha la ofisi, na kinachompata tangu afike hadi aondoke, haikuwa na somo lake.

Wenzetu wa Kenya walianza upande mwingine. Mwaka 1975, kwa msaada wa Uswisi, walifungua Chuo cha Utalii kando ya barabara ya Thika, Nairobi, na ubavuni mwake wakaweka hoteli ya kweli yenye wageni wa kulipa. Mwanafunzi akikosea pale, hakosei kwenye karatasi. Mgeni yuko mezani anamtazama. Hilo lilikuwa jambo jema sana. Hata hivyo lilibaki la hoteli. Benki, hospitali, posta na ofisi ya ardhi hazikudhani kwamba zina la kujifunza huko.

Kisha kwetu Tanzania ikaja ile miaka ya dhiki, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kitenge kwa kumjua mtu. Bidhaa zikiadimika, muuzaji huwa mgawaji na mnunuzi huwa mwombaji. Tabia hiyo haikubaki dukani. Iliingia kila penye dirisha, na wimbo wake ukawa "njoo kesho". Mlango wa uchumi ulipofunguliwa, na sheria ya mwaka 1991 ikaruhusu benki binafsi, ndipo waajiri walipoanza kuviambia vyuo: tufundishieni watu wa kupokea wateja. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Nikafundisha nini? Nilifundisha uso. Salamu, tabasamu, mavazi nadhifu, kauli nzuri, kutomkatiza mteja, na kwamba mteja ni mfalme. Wanafunzi waliigiza darasani, mmoja karani na mwingine mteja mkorofi, na tulicheka sana. Sisemi hayo ni bure. Kauli nzuri hata mbinguni ina thawabu. Ila nilidhani hayo ndiyo yote.

Mwaka 1996 binti mmoja wa mwaka wa pili alikwenda kwenye mafunzo ya vitendo ya wiki nane, katika ofisi moja ya kutoa hati, nisiyopenda kuitaja. Aliwekwa dirishani. Kila siku aliwaambia watu "njoo kesho" kwa tabasamu nililomfundisha, na kila siku aliona nyuso zile zile zikirudi. Mzee mmoja alikuwa akitoka nje ya mji kwa basi mbili. Binti yule akaona haya. Wakati wa mapumziko ya mchana akawa anaingia ndani kulifuata faili la yule mzee, meza kwa meza. Akakuta faili hupita meza saba, na kwamba katika meza ya tano hulala siku tisa, kwa sababu mwenye kutia sahihi hufanya hivyo Jumanne tu, na mafaili yanayochelewa kutoka masjala hungoja Jumanne ya pili. Aliyaandika hayo yote katika ripoti yake, pamoja na mchoro wa meza zenyewe.

Msimamizi wake alituletea barua: mwanafunzi huyu ni mdadisi, haheshimu mipaka ya kazi, anaacha dirisha. Nami niliisoma ripoti, nikaona imesema machache mno kuhusu mapokezi na kauli. Nikamfelisha. Kwa kanuni za chuo ilimbidi arudie mwaka.

Miaka miwili baadaye mwenzangu mmoja aliniletea fotokopi ya makala ya mwaka 1984 ya Lynn Shostack, mama wa Kimarekani aliyefanya kazi ya benki. Alikuwa amechora huduma kama fundi anavyochora ramani ya nyumba, na mfano wake ulikuwa mpiga viatu rangi wa kando ya njia. Kupiga brashi sekunde 30, kupaka rangi 30, kung'arisha 45, kupokea fedha 15: jumla dakika mbili. Kisha akaonyesha mahali kazi inapoweza kuharibika, yaani fundi akipaka rangi isiyo ya kiatu, na muda wa kusafisha kosa hilo, sekunde 45. Tena akachora mstari. Juu ya mstari, yale anayoyaona mteja. Chini yake, yale asiyoyaona, kama kuchagua na kununua ile rangi. Ukinunua rangi mbaya, tabasamu la fundi halitaokoa kiatu.

Niliitazama michoro ile, moyo ukanidunda. Nilikuwa nimekwisha kuona mchoro wa namna hiyo, wenye meza saba, nami niliupa sifuri.

Nikaanza kusoma upya. Nikamkuta Jan Carlzon, aliyeshika uongozi wa shirika la ndege la SAS mwaka 1981. Yeye alihesabu kwamba abiria wake milioni 10 kwa mwaka walikutana kila mmoja na wafanyakazi wapatao watano, sekunde 15 kila mara, na kwamba shirika lilisimama au kuanguka katika sekunde hizo. Basi akawapa watu wa mstari wa mbele uwezo wa kuamua. Nikawakuta Parasuraman, Zeithaml na Berry, walioeleza mwaka 1985 kwamba baina ya anachotaka mteja na anachodhani meneja kuwa mteja anakitaka mara nyingi kuna pengo. Wote walikuwa wakisema, kila mmoja kwa lugha yake, kwamba anayekaa dirishani anajua jambo ambalo mkubwa wake halijui, na kwamba kuendesha huduma ni kulifuata jambo hilo mpaka nyuma, lilikoanzia.

Niliandikia kamati ya taaluma kuomba matokeo yale yarekebishwe. Nilijibiwa kwamba mwaka ule umekwisha kufungwa. Nikamtafuta mwenyewe, nikamkuta kazini katika kampuni ya mizigo. "Shikamoo, mwalimu," akasema. Nilimwomba radhi. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilirudia mwaka. Mdogo wangu ndiye aliyengoja, maana ada ilikuwa moja." Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba aje darasani kwangu, naye akaja, akazichora zile meza saba ubaoni. Tangu siku ile mpaka nilipostaafu, mwanafunzi wangu hakupita mafunzo ya vitendo bila kulifuata faili, sahani au kifurushi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kuonyesha mahali kinapolala.

Siku hizi mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2013 Kenya ina vituo vya Huduma, ambako huduma nyingi za serikali zimewekwa chini ya paa moja, na kwetu pia malipo mengi ya serikali hufanywa kwa simu. Ni maendeleo. Ila simu nayo ni dirisha, na nyuma yake bado ziko meza.

Mwaka mmoja kabla baba hajafariki nilimsimulia habari za mpiga viatu na mstari wake. Alisikiliza, akacheka kidogo, kisha akasema kwamba pale hotelini supu ilifika mezani imepoa kila siku. Jiko lilikuwa ng'ambo ya ua, na sahani zilipangwa upande wa pili. Wao wahudumu walizunguka mara mbili, halafu wakatukanwa mezani. Kama sahani zingehamishwa karibu na jiko, supu ingefika moto.

"Mlijua hayo wakati ule?" nikamuuliza.

"Sote tulijua," akasema. "Nani alimuuliza boi?"