Utumbo, Ngano na Maziwa

Mwaka 1996, D'Eufemia na madaktari wenzake wa Roma waliwanywesha watoto 21 wenye usonji maji yenye sukari za aina mbili, manitoli na laktulosi, kisha wakapima mkojo wao. Manitoli ina chembe ndogo zinazopenya ukuta wa utumbo bila taabu. Chembe za laktulosi ni kubwa, na utumbo wenye afya huzizuia karibu zote. Zikijaa kwenye mkojo, ukuta umelegea. Watoto 9 kati ya 21 walikutwa hivyo. Kati ya wenzao 40 wasio na usonji, hakuna.

Habari hiyo ilikuta nadharia inaisubiri. Tangu 1979 mtafiti wa ubongo Jaak Panksepp alikuwa akihusisha usonji na kemikali za ubongo zinazofanana na afyuni, na Karl Reichelt wa Norway akadai kwamba vipande vya protini za ngano na maziwa hufanya kazi kama kemikali hizo. Sasa njia ya kupenyea ikawa imepatikana! Lakini kipimo cha Roma kilionyesha sukari imepenya, basi. Hakikuonyesha protini ikifika ubongoni.

Mwanangu alipofika miaka mitano tulishauriwa kumwachisha ngano na maziwa. Chakula chake kilikuwa chapati, maziwa na ndizi mbivu, hataki kingine. Maana yake angebaki na ndizi.

Mwaka 2006, Elder na wenzake huko Marekani waliujaribu mlo huo kwa watoto 15 kwa wiki 12, wazazi wasijue nani anakula nini. Tofauti haikuonekana. Jaribio la Hyman la 2016, la watoto 14, likatoa jibu lile lile. Ni majaribio madogo, lakini yana uzito kuliko matumaini tuliyouziwa. Nao utafiti wa Australia wa 2021 ulionyesha kwamba bakteria wa utumbo hufuata uchache wa vyakula anavyokubali mtoto. Kuchagua chakula huko si jambo jipya: daktari Leo Kanner, katika maelezo yake ya watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, alikwishataja shida zao za kula.

Mzazi mwenzangu, maumivu ya tumbo na kufunga choo ni ugonjwa wa kutibiwa, usikubali kuambiwa ni usonji tu. Ukishuku ngano, omba kwanza kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki, ambao ngano huudhuru utumbo, wakati mtoto bado anaila. Akishaachishwa, kipimo hicho kinaweza kuuficha ugonjwa.