Kitabu cha kesi isiyokwisha

Kama mwezi huu una fedha ya kitabu kimoja tu, tafuta White Mischief cha mwandishi wa habari James Fox, kilichotoka mwaka 1982.

Kisa chenyewe ni hiki. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, nje kidogo ya Nairobi, upande wa Karen, gari aina ya Buick lilikutwa limeacha barabara. Ndani mlikuwa na maiti ya Lord Erroll, kigogo wa walowezi wa Kenya, kapigwa risasi kichwani. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton. Kwa nini yeye? Mkewe Diana, waliyefunga naye ndoa mwaka 1940 tu, alikuwa akipendana na Erroll waziwazi. Wakili Harry Morris akaletwa kutoka Afrika Kusini, akauvunjavunja ushahidi wa bastola. Julai 1941 Broughton akaachiwa huru. Desemba 1942 akajiua huko Liverpool. Hakuna mwingine aliyewahi kushtakiwa.

Wengi hukisoma kwa ajili ya umbea: pombe, dawa za kulevya, wake za watu. Umbea upo, tena mtamu! Mimi nimenasa kwingine. Fox alianza kuifuatilia habari hii mwaka 1969 akiwa na Cyril Connolly. Connolly akafariki mwaka 1974, Fox hakuiacha. Miaka 13, kifo kimoja! Mimi nimeripoti kesi za mauaji. Hukumu ikishasomwa tu, naambiwa nilete habari nyingine.

Lakini kisome ukiwa macho. Broughton aliamuliwa na juri la Wazungu wenzake, haki ambayo Mwafrika wa Kenya ya wakati ule hakuwa nayo. Na wale Waafrika waliopika, waliofua, waliofungua milango ya nyumba zile usiku? Wanapita kurasani kama vivuli. Kifo cha bwana kimeandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu mwaka 1987. Kifo cha mpishi wake nani angekifuatilia miaka 13?

Basi kisome ujifunze kuchimba. Ukimaliza, mtafute babu au bibi yako aliyefanya kazi kwenye nyumba kama zile, umuulize aliona nini. Muulize sasa, jamani. Wazee wanaondoka na kesi zao.