Waya Usiobeba Muziki

Januari 1983, kwenye maonesho ya vyombo vya muziki huko California, vinanda viwili vya makampuni pinzani viliunganishwa kwa waya: Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland. Kimoja kikabonyezwa, kingine kikaitika. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani ndio walioongoza kazi ya kuvipatia lugha moja, MIDI.

Wengi hudhani waya ule hupitisha sauti. La hasha. Hupitisha maagizo tu: noti ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani kati ya 0 na 127, imeachiwa lini. Sauti ni ya anayepokea. Kwetu huku, ng'ambo zote mbili za Ruvuma, jambo hili halishangazi sana. Kwenye mapiko ya Wamakonde ngoma huita, mguu wa mcheza kinyago ukajibu.

Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta VST, na kufikia 1999 ala nzima iliweza kukaa ndani ya kompyuta. Tangu hapo sinthesaiza kuukuu yenye MIDI ikapata kazi ya pili: vidole pale pale, sauti inatoka kwenye programu.

Uswahilini Dar es Salaam njia ilikuwa nyingine. Mchiriku uliishi kwa kinanda kidogo cha Casio na spika zilizochoka. Jagwa Music waliufikisha Ulaya kwa albamu *Bongo Hotheads* ya 2012. Kisha singeli ikachukua vipande vya mchiriku na taarabu, ikavitia kwenye kompyuta na kuvikimbiza hadi midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Yaani sauti ya mtaani iliingia kwanza, programu ikaifuata.

Mtwara mjini, studio nilizopita zina kinanda na kompyuta, tena vijana wanajua kazi. Lakini ukibonyeza upate ngoma, inalia ngoma ya mbali. Ile ya Kimakonde, yenye kigingi cha kuchomeka ardhini, inayooteshwa moto ngozi ikaze, sikuikuta humo.

Dawa yake haihitaji mtaji mkubwa: kipaza sauti kizuri, mpigaji anayelipwa haki yake, na siku moja ya kurekodi kila pigo na kulipa noti yake. Ifanyike wakati wazee wanaozijua ngoma hizo bado wapo. Wakishaondoka, waya utaagiza, na hakutakuwa na wa kuitika.