Shairi Lisilo na Mishororo: Brussels, 1958

Wanafunzi wetu wanaufahamu vizuri mgogoro wa wanamapokeo na wanausasa: je, utungo usio na vina wala mizani ni shairi? Katika toleo hili tunapenda kuuangalia utungo uliokwenda mbali zaidi, kwani haukuwa na mshororo hata mmoja. Hata hivyo uliitwa shairi: Poème électronique, yaani Shairi la Kielektroniki.

Utungo huo ulitolewa katika Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1958 jijini Brussels, Ubelgiji. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilihitaji banda la kuonyesha ufundi wake wa taa na vyombo vya sauti, ikamwendea msanifu majengo Le Corbusier. Yeye alisema hatawapa banda tu, bali shairi pamoja na chombo cha kulibeba. Jengo lilichorwa kwa kiasi kikubwa na msaidizi wake, Iannis Xenakis, Mgiriki aliyekuwa pia mtunzi wa muziki. Muziki wenyewe alipewa Edgard Varèse, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 74. Wakuu wa kampuni walimtaka mtunzi mwingine, lakini Le Corbusier alimng'ang'ania Varèse.

Watazamaji walipokuwa wakiingia walisikia kwanza kipande kifupi cha Xenakis, Concret PH, kilichotengenezwa kwa mlio wa makaa yanayowaka. Kisha giza liliingia na shairi likaanza. Lilidumu dakika nane. Vipaza sauti zaidi ya 300 vilikuwa vimepachikwa kwenye kuta za zege zilizopinda. Kengele, ngoma, milio ya mitambo na sauti za watu vilikuwa vimerekodiwa kwenye ukanda, na swichi za aina iliyotumika katika mitambo ya simu ziliviwasha vipaza sauti kwa zamu. Kwa hiyo msikilizaji alisikia sauti ikitembea ukutani na kupita juu ya kichwa chake. Wakati huohuo taa za rangi na picha zilimulikwa: wanyama, sanamu za miungu, watoto, mlipuko wa bomu. Muziki na picha havikutungwa ili vishikane; kila kimoja kilishika njia yake. Sehemu ya mwisho ya picha ilipewa jina lenye maana ya "Kwa Wanadamu Wote".

Hapo ndipo sisi wa ukanda huu tunapopaswa kusimama kidogo. Katika maonyesho hayohayo, Ubelgiji ilijenga kijiji cha kuwaonyesha watu wa koloni lake la Kongo. Wakongo waliwekwa nyuma ya uzio wa mianzi wakifanya kazi za mikono huku wageni wakiwatazama, na baadhi ya wageni wakawarushia sarafu na ndizi. Wakongo walilalamika, na mwezi Julai wakaondoka kurudi kwao. Kijiji kikabaki kitupu, ilhali maonyesho yaliendelea hadi Oktoba. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960.

Hatusemi kwamba Varèse au Xenakis ndiye aliyeusimika uzio ule. Lakini tunapofundisha fasihi simulizi huwa tunasisitiza kwamba utendaji hauwezi kutenganishwa na hadhira wala mahali pake. Kanuni hiyo haiwezi kuishia kwenye ngano na ngoma zetu. Mgeni aliyeambiwa "wanadamu wote" ndani ya banda aliweza kutoka nje na kwenda kumtazama binadamu mwenzake kama anavyotazama mnyama.

Banda lilibomolewa Januari 1959. Kilichobaki ni rekodi, michoro na picha. Anayeisikiliza rekodi hiyo leo kwa vipaza sauti viwili anapata muziki, lakini hapati kuta wala ile sauti iliyotembea, kama vile asomaye ngano kitabuni asivyompata fanani. Na asiyeambiwa habari za kijiji hapati hadhira.

Tunapendekeza basi kwamba mwalimu atakayelitumia shairi hili darasani asianze na swali la kama ni shairi au si shairi. Aanze na lile tunalouliza kuhusu kila utungo: lilitolewa wapi, mbele ya nani, na nani aliachwa nje ya uzio?