Senti Kumi ya Mfalme Edward: Sarafu Kuukuu na Saikolojia ya Mnada

Kiswahili kimehifadhi historia ya fedha katika maneno yake. Neno pesa, pamoja na rupia, lilitufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara ya baharini. Hela ni kumbukumbu ya Heller, sarafu ndogo iliyoletwa na Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki mwaka 1904. Shilingi ilikuja na Waingereza. Faranga, neno wanalolitumia ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi, ni la zama za Wabelgiji. Hata mnada ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kuita kwa sauti. Katika makala haya tutayatumia maneno hayo yote, kwa kuwa tunataka kujibu swali moja: ni nani anayepanga bei ya sarafu iliyokwisha kuacha kuwa fedha?

Swali hili lina uzito wa pekee huku kwetu. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yamekuwapo tangu karibu na mwaka 1960, yalipowapokea watu waliokimbia Rwanda. Baadaye waliwasili Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Anayehama kwa dharura huchukua vitu vyepesi, na sarafu ni nyepesi. Kwa hiyo si ajabu kwamba katika kopo la familia moja, Nakivale au Mbarara, waweza kukutana simba wa shilingi ya Afrika Mashariki, simba wa faranga iliyotolewa kwa ajili ya Rwanda na Burundi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tembo wa faranga mbili za Kongo ya Kibelgiji. Hiyo faranga mbili ya mwaka 1943 ina pembe sita. Ilipigwa Philadelphia, Marekani, kwa sababu Ubelgiji wenyewe ulikuwa umekaliwa na majeshi ya Ujerumani.

Wenye makopo hayo wanajua kwa uchungu kwamba fedha hufa. Mwezi Mei 1987 Uganda ilibadilisha shilingi 100 za zamani kwa shilingi 1 mpya, na ikakata kodi ya asilimia 30 katika ubadilishaji huo. Mwaka 1993 Zaire ilitoa zaire mpya moja kwa kila zaire milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Mtu aliyeona akiba yake ikiyeyuka namna hiyo ni rahisi kuvutiwa na habari kwamba sarafu kuukuu, isiyonunua hata kiberiti, imegeuka kuwa mali. Uvumi wa namna hiyo huenea sana, na sarafu moja hutajwa mara nyingi kuliko nyingine: senti kumi ya mwaka 1936.

Mfalme asiye na sura

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwezi Desemba 1919. Ilianza na florini, kisha kuanzia mwaka 1921 ikatoa shilingi iliyogawanywa kwa senti 100. Senti kumi na senti tano zilikuwa sarafu za shaba zenye tundu katikati, na watu waliweza kuzitunga katika uzi. Kwa sababu ya tundu hilo, hazikubeba sura ya mfalme, bali jina lake tu.

Mfalme Edward VIII alirithi kiti cha enzi tarehe 20 Januari 1936 na akajiuzulu tarehe 11 Desemba mwaka huo huo ili amwoe mwanamke aliyempenda. Uingereza haikuwahi kutoa kwa matumizi ya kawaida sarafu yenye sura yake; zilitengenezwa chache tu za majaribio. Mwaka 2020 sarafu moja ya dhahabu kati ya hizo, yenye tarehe ya 1937, iliuzwa kwa pauni milioni 1. Lakini sarafu zenye tundu hazikuhitaji kusubiri sura. Jina lake lilichongwa mapema, na kwa ajili ya Afrika Mashariki zikapigwa senti tano na senti kumi kwa mamilioni.

Hapo ndipo mtego ulipo. Muuzaji huandika: “Sarafu adimu ya mfalme aliyejiuzulu, 1936.” Maneno hayo yana kweli nusu. Mfalme huyo ni adimu katika sarafu za Uingereza, si katika senti zetu. Anayesoma habari ya pauni milioni 1, kisha akaiona senti kumi ya Afrika Mashariki mnadani, huihamishia sarafu ya pili heshima ya sarafu ya kwanza. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mnada wa sarafu, mara nyingi kinachotembezwa ni hadithi.

Kutoka nyundo hadi saa

Mnada wa ana kwa ana una mnadi, nyundo na macho ya watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 kuhusu mauzo ya bidhaa, ambayo kanuni zake zilienea katika makoloni, iliweka misingi miwili iliyo muhimu hadi leo. Kwanza, mauzo hukamilika nyundo inapogonga. Kabla ya hapo mwenye dau anaweza kuliondoa. Pili, muuzaji haruhusiwi kujipandishia bei kwa siri, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu, ikiwa hakutangaza kwamba ana haki ya kufanya hivyo. Mnunuzi aliyefanyiwa hila hiyo anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu.

Mnada wa mtandaoni umebadilisha sura ya mambo. Mwaka 1995 Pierre Omidyar alianzisha huko California mtandao ambao baadaye uliitwa eBay. Huko nyundo ikawa saa: muda ukiisha, mwenye dau la juu ndiye mnunuzi. Macho ya watu yakatoweka. Mshindani wako aweza kuwa Muscat, Toronto au jirani yako, nawe huoni ila tarakimu. Dau likishawekwa huhesabiwa kuwa ahadi, na kuliondoa si rahisi. Na hila ya muuzaji kujipandishia bei kwa jina jingine, ingawa inakatazwa, ni ngumu zaidi kuigundua, kwa kuwa hakuna anayeuona uso wa mwenye dau.

Kwa nini tunalipa kupita kiasi

Mwaka 1971 mwanauchumi Martin Shubik alieleza mchezo mmoja. Dola moja inanadiwa. Mwenye dau la juu anaichukua, lakini aliye wa pili naye lazima alipe dau lake bila kupata kitu. Kila mmoja huanza kwa senti chache akitafuta faida. Punde wote wawili wanapandisha dau ili wasipoteze walichokwisha kuahidi, hata dola moja ikapita thamani ya dola moja. Katika mnada wa kawaida aliyeshindwa halipi kitu, lakini moyo wake hufanya hesabu ile ile. Amekesha siku tano akiitazama sarafu, ameshaiwazia mahali pa kuiweka, ameanza kuiita “yangu”. Mtu anapoipita bei yake, huona kama ameporwa.

Jambo la pili wataalamu huliita laana ya mshindi. Mwaka huo huo wa 1971 wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani walionyesha kwamba kampuni inayoshinda mnada wa kitalu cha mafuta huwa ndiyo iliyokadiria mafuta kupita wengine wote, na kwa hiyo yaelekea imekadiria kupita kiasi. Mkusanyaji wa sarafu naye ajiulize: ikiwa watu ishirini wameiona picha hii na mimi peke yangu niko tayari kulipa bei hii, ni nini walichokiona wao nisichokiona mimi? Huenda sarafu imesuguliwa, au ni ya bandia.

Mwanauchumi William Vickrey, katika makala yake ya mwaka 1961, alionyesha njia ya kutuliza vurugu hiyo. Ikiwa mshindi analipa bei ya aliyemfuata, si dau lake mwenyewe, basi kila mtu hufaidika kwa kutaja kikomo chake cha kweli. Wauza stempu wa Marekani walikuwa wakiitumia kanuni hiyo kwa barua tangu miaka ya 1890. Minada mingi ya mtandaoni inakaribia hapo: unaandika kikomo chako, nao mtambo unapandisha dau hatua kwa hatua kwa niaba yako. Ukiandika 70, na mshindani wako wa karibu akaishia 50, utalipa kidogo tu zaidi ya 50.

Hata hivyo wengi hungoja sekunde za mwisho. Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliona kwamba madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay, ambako muda haukuongezwa, kuliko katika minada ya Amazon, ambako dau la mwishoni lilisogeza mbele muda wa kufunga. Kungoja kuna maana: hakuwapi wengine nafasi ya kupandwa na hasira ya mashindano. Lakini dau la mwisho bila kikomo kilichopangwa kabla ni kamari tu.

Hesabu kabla ya shauku

Kikomo hupangwa kwa kalamu, siku ile moyo umetulia. Tuseme umeamua kwamba sarafu haipaswi kukugharimu zaidi ya dola 100 hadi ifike Mbarara. Usafirishaji ni dola 16, na mnada hutoza ada ya mnunuzi ya asilimia 20 juu ya dau. Dau lako la mwisho basi si 100 wala 84, bali 70: dau 70, ada 14, usafirishaji 16. Ushuru wa forodha na gharama ya kubadilisha fedha, vikiwapo, hukishusha kikomo zaidi. Kisha andika kila ununuzi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Kikomo chenyewe kinatokana na ujuzi wa sarafu. Shilingi za Afrika Mashariki za mwaka 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi, karibu gramu 2 katika kila sarafu. Zile za kuanzia 1948 hazina. Rupia 15 za dhahabu za mwaka 1916, zenye tembo mbele ya mlima, zilipigwa Tabora katika karakana ya reli wakati koloni la Wajerumani lilipozingirwa na adui. Zilifikia kama 16,000 tu. Uadimu wake ni wa kweli, na kwa sababu hiyo hiyo huigizwa.

Ujuzi huo unamhusu muuzaji pia. Mzee wa Nakivale anayeuza kopo zima la sarafu kwa bei ya sukari, kwa kuwa mnunuzi mwerevu amemwambia ni chuma chakavu, amepunjwa kama vile kijana aliyeinunua senti ya Edward kwa mshahara wa mwezi. Kabla ya kuuza, asome tarehe na alama, aulize zaidi ya mtu mmoja, na asiisugue sarafu kwa mchanga wala majivu, kwani mng’ao huo hupunguza thamani yake kwa wakusanyaji.

Basi, ni nani anayepanga bei? Serikali ilipanga thamani ya sarafu ilipokuwa hai. Ikisha kufa, bei yake hupangwa na watu wawili wa mwisho wanaoishindania, na kila mmoja wao ana haki ya kujua anachokishindania na wajibu wa kujua pa kuachia. Raia anayeweza kusema “hapa naachia” mbele ya saa inayokimbia hatapunjwa kwa urahisi sokoni, wala katika upatu, wala katika ahadi za wakati wa uchaguzi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini senti kumi ya mwaka 1936 si adimu ingawa mfalme wake alitawala muda mfupi?
2. Kikomo chako ni dola 60, usafirishaji ni 12 na ada ni asilimia 20. Dau lako la mwisho ni lipi?
3. Waulize wazee wa nyumbani kwenu majina ya fedha waliyoyatumia ujanani mwao. Kila jina lilitoka wapi?