Kondoo wa Silverstone

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilibaki na viwanja vingi vya ndege za kijeshi visivyo na kazi, na madereva wa mbio wasio na pa kukimbilia. Brooklands, uwanja wao tangu 1907, ulikuwa umegeuzwa kiwanda cha ndege. Barabara za umma sheria haikuruhusu zifungwe kwa mashindano. Silverstone, uliofunguliwa 1943 kufundishia marubani wa ndege za mabomu, ulikuwa umebaki mtupu, kondoo wakijilia majani.

Septemba 1947 marafiki kadhaa wakaingia humo kushindana bila kuomba ruhusa. Maurice Geoghegan akamgonga kondoo, na mbio zile zikabaki na jina la nyama yake. Mwaka uliofuata chama cha magari, Royal Automobile Club, kikaukodi uwanja. Magari yalikimbia juu ya njia za kurukia zenyewe, yakielekeana, hata ikabidi maturubai yasimamishwe ili dereva asimwone mwenzake anayemjia. Marobota ya nyasi na mapipa ndiyo yaliyokuwa kingo. Luigi Villoresi akashinda, tarehe 2 Oktoba. Mwaka 1949 njia za kurukia zikaachwa, ikabaki barabara inayozunguka uwanja. Hapo ndipo mbio za kwanza za ubingwa wa dunia zilipofanyika, 13 Mei 1950, Mfalme George VI akitazama.

Mimi ni mtu wa Kiruruma, Karagwe. Kwetu barabara ya vumbi ni ya watembea kwa miguu, ng'ombe na baiskeli zilizobeba ndizi. Kwa hiyo kinachonishika katika historia hii ni ile sheria: barabara ya mwanakijiji wa Kiingereza haikuguswa, mbio zikapelekwa uwanjani.

Huku makoloni mambo yalikwenda kinyume. Kenya ilikuwa na mzunguko wake, Langa Langa, lakini inasimuliwa kwamba Neil Vincent alipoalikwa na binamu yake Eric Cecil kushindana huko, alikataa: kuzunguka palepale kulimchosha. Alitaka safari ndefu ya kukatiza nchi. Ndipo Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yakatimuliwa kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hazikufungwa. Basi, mchungaji na mtoto wa shule walikuwa humohumo.

Sisemi hatukufurahi. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na ushindi ule ulikuwa wetu pia. Mwaka 1974 maneno Afrika Mashariki yakatolewa katika jina la mbio, miaka mitatu kabla Jumuiya yenyewe haijavunjika. Baadaye timu tajiri zikarusha helikopta mbele ya gari, kumwonya dereva kuna ng'ombe au lori. Anayekuja barabarani kwa miguu alijionya mwenyewe, kwa kutazama vumbi.

Mbio ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, sehemu za kushindania zilifungwa.